Maji Yaliyolishwa

Mfuko wa samaki ulikuwa ukielea ndani ya tangi la kioo ili joto la maji lilingane, na Nurudini, muuza samaki wa mapambo pale Kibondo, alikuwa karibu kuufungua.

Wiki tatu nyuma, alipomfungia mwalimu, mwenye nyumba hii, tangi hilo sebuleni, alimwagiza atie punje za chakula kila asubuhi kwenye maji matupu, zioze, maji yakomae kabla ya samaki kuingia. Wateja wengine humcheka akisema hivyo. Huyu hakucheka.

"Umelisha bila kukosa, Mwalimu?"

"Bila kukosa, kaka."

Nurudini akageuka kutafuta taulo. Mezani palikuwa na kikombe cha plastiki chenye picha ya sungura, kimefunikwa kisahani. Alipokisogeza, uji ulikuwa bado wa moto.

Nyumbani humo walikuwa wawili tu, yeye na mwalimu. Mtoto wa mwalimu alikuwa amezikwa tangu Pasaka. Nurudini mwenyewe alishika koleo siku ile.

Akarudi kwenye tangi, akashika mpira uliofunga mfuko. Mkono wa mwalimu ukatua juu ya wake, wa baridi, punje zimegandia vidoleni.

"Ngoja kwanza, kaka," akanong'ona. "Hawa wakiingia, watazila punje zote; mwanangu atakula nini?"