Matawi Bila Mashina

Wanyama walipiga kura, Fisi akashinda, na tangu siku ile kisima kikawa chake peke yake. Wapinzani wake, Chama cha Kisima, walibaki wawili: Tumbili mwenyekiti, na Kanga, ambaye hakujua kukata tamaa.

“Tuna tawi kila mti,” alisema Tumbili akibembea. “Tumeshindwaje?”

“Matawi nayaona, Mwenyekiti. Mashina yako wapi?”

“Shina ni la kupandia tu, mama wee!”

Kanga alishuka, akaenda shimo kwa shimo akipiga hodi. Nungunungu alimfokea: “Uchaguzi umekwisha. Unaomba nini tena?”

“Siombi kitu, mjomba. Nimekuja kukupa pole ya kiu.”

Nungunungu akalaza miba yake ili mgeni apate pa kukaa. “Kelele zenu za juu nilidhani mnagombea matunda,” alisema. “Fisi alipiga hodi hapa mlangoni. Nikampa kura.”

Neno hilo lilimchoma Kanga kuliko miba. Hata hivyo aliaga vizuri, akaenda shimo la pili, na la tatu, kiangazi chote.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Tumbili aliita mkutano. Matawini hakuja mtu. Chini, mizizini, wanyama walikuwa wamejaa tele.

“Kanga! Mkutano wangu uko wapi?”

“Uko huku shinani, Mwenyekiti. Shuka. Na ukifika, anza na hodi.”

Tumbili akashuka. “Hodi,” alisema, kwa sauti ndogo.

“Karibu,” alijibu Nungunungu. “Umechelewa, lakini kiu bado ipo.”