Jiko la Baba Nanzia

Kila mwisho wa mwezi mfumo wa nyumba ulipitisha ufagio. Programu ambayo haikutegemewa na nyingine yoyote ilifutwa, iwe ya mtu hai au ya marehemu. Ndiyo maana Nakijwa alishinda jikoni roho juu. Sauti ya marehemu mumewe, Mbonea, ilikuwa ikitumiwa na redio tu, na redio yenyewe ilikuwa imekufa juzi.

"Mama, ifunge kwenye jiko," bintiye Nanzia alimwambia kwa simu. "Weka kwamba jiko lisiwake bila baba."

Akaweka hivyo hivyo. Ufagio ukapita, ukaondoka na kengele ya mlango na saa ya ukutani, basi.

"Umeshindaje, mke wangu?" jiko likauliza.

Nakijwa akacheka huku machozi yakimtoka. Akabandika chai, akatoa vikombe kama alivyozoea.

"Nasikia vikombe viwili," sauti ikasema taratibu. "Mgeni wetu nani?"

"Hatuna mgeni, baba Nanzia. Kimoja ni chako."

Hapo jiko likawaka.