Nyama ya Juzi

Bi Usafi aliingiza pua ndani ya pakiti ya nyama, akaitoa upesi. Mate yalimjaa mdomoni, yale mepesi yanayotangulia kutapika. Akaigeuza pakiti kwenye mwanga, akasoma tarehe iliyochapwa ubavuni. Mwisho wa kutumia ulikuwa juzi.

"Imeoza," alisema.

"Haijaoza," mumewe alijibu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa jikoni humo humo, ubavuni mwa meza, kwa sababu dirisha la hapo lilikuwa na mwanga mzuri kuliko yote nyumbani. Alikuwa anashona suruali ya mteja, miguu inakanyaga, wala hakuinua kichwa. Alisema tarehe huwekwa na wenye maduka ili watu wanunue mara mbili. Nyama haisomi kalenda. Na friji haikuzimika hata siku moja.

Jina la Bi Usafi alipewa na majirani, waliodai kwamba mama huyu huosha hata sabuni kabla ya kuitumia. Asubuhi hiyo alikuwa amerudi kutoka kwa binti yao aliyejifungua, alikokaa karibu wiki nzima. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, alijua kuna kitu. Ilikuwa harufu tamu, ya utamu wa kukirihisha, inayoshuka kooni na kutua huko kama mafuta. Alifungua friji, akakuta nyama aliyomwachia mumewe ingali imefungwa vile vile alivyoiacha. Hakuhitaji mpiga ramli.

Akamgombeza kwa kutokula. Mumewe alijitetea kwamba njaa hakuwa nayo, alikuwa na kiu tu, na kwamba asimtazame kama mgonjwa maana hajapata kuwa mzima hivi. Hata miguu iliyokuwa ikimwaka moto usiku ilikuwa imetulia yenyewe, naye akaachana na vidonge vya daktari.

"Tuipike," alisema. "Kutupa nyama ni dhambi."

Mkono wa birika haumwagi hata chai iliyopoa. Bi Usafi alimjua mumewe, akaona amalize ubishi kwa vitendo. Aliiosha nyama kwa maji ya chumvi, kisha kwa siki, kisha akaisugua kwa limau mpaka vidole vikamwasha. Akakata kipande kidogo, akakichemsha peke yake. Akakileta mezani, akaketi karibu na mumewe ili ashuhudie, akakitia mdomoni.

Hakukitafuna mara ya tatu. Harufu ile ilimjaa puani na nyama imo mdomoni, vikawa kitu kimoja, laini, kinachoteleza juu ya ulimi. Alikimbilia sinki, akatema, akasukutua, akatema tena mpaka machozi yakamtoka. Nyuma yake mumewe alikuwa anacheka. Alisema polisi wangekuwa na akili wangemwajiri mkewe, wakawapumzisha mbwa.

Bi Usafi hakucheka. Aliibeba sufuria na nyama yote, akatoka nayo uani hadi kwenye pipa la taka.

Hapo alimkuta Mama Mapacha, jirani yake, anaanika nguo. Jirani aliuliza anatupa nini, akaelezwa. Akainamia sufuria, akavuta pumzi ndefu.

"Shoga, hii nyama ni nzima," alisema. "Inanuka siki tu."

Bi Usafi aliona jirani ana mafua. Akainama naye. Alinusa mara moja, akanusa tena, akashika pande moja na kulipeleka puani kabisa. Nyama ilinuka nyama. Ilinuka limau, siki na damu kidogo, kama nyama yoyote ya Mungu. Jirani alimtazama kwa jicho la huruma, akasema uzazi wa binti umemchosha, aende akalale. Kisha akaomba, kama mwenyewe haitaki, wanawe waile. Bi Usafi alimpa, na sufuria juu yake.

Alirudi ndani akiona aibu. Alifungua mlango wa jikoni, na harufu ikampokea pale pale kizingitini, nene kuliko kwanza.

Basi si nyama. Ni panya, alijiambia, panya amekufia mahali. Akamwambia mumewe, naye akakubali kwamba panya huenda akawa yumo, ila yeye hajasikia harufu yoyote, labda ameshaizoea. Bi Usafi akajifunga kitambaa puani na kuanza kazi. Alivuta friji kutoka ukutani. Hakuna. Alitoa vyungu vyote chini ya sinki, akachokonoa bomba la maji machafu, akakung'uta gunia la mkaa. Hakuna. Kila aliposogea upande wa dirisha harufu ilizidi, na kila alipoliacha ilipungua.

Ikabaki chini ya cherehani, penye lundo la vipande vya vitambaa. Alichukua tochi na ufagio, akapiga magoti. Mumewe alisogeza kiti kidogo kumpisha, akaendelea kushona, maana mteja alikuwa njiani.

Bi Usafi alifagia vitambaa vyote nje. Panya hakuwapo. Nzi wawili waliruka kutoka kwenye pedali, wakatua pale pale tena. Akaelekeza tochi. Miguu ya mumewe ilikuwa inakwenda juu na chini, taratibu, na soksi ya kulia ilikuwa imelowa, imegandamana na ngozi. Kidole gumba kilichungulia kwenye tundu la soksi, cheusi tititi. Alinyoosha mkono, akakigusa. Ncha ya kidole chake cha mkono ikazama.

Juu yake cherehani haikusita hata kidogo.

"Umempata?" mumewe aliuliza.