Maumivu ya Kuazima

Siku hizi humpeleki mzazi kwenye nyumba ya uuguzi mpaka kwanza uende kuikagua ukiwa umebeba maumivu yake mwilini.

Mwajabu alifungwa mshipi kiunoni, na maumivu ya mama yake aliyevunjika nyonga, yaliyorekodiwa nyumbani jana, yakamwingia. Hakulia, alikuwa amejiandaa. Aliketi chooni akainuka kwa kushika vyuma vya ukutani. Akalala kitandani, akabonyeza kengele, na nesi Pendael akafika kabla hajaanza kununa. Uji ulikuwa wa moto. Pazuri, hakuna ubishi.

Kilichomkera ni mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Uliuma kuliko nyonga.

"Sista, mshipi wenu mbovu. Mama hakuumia mkono."

Pendael aliukagua mshipi. "Mzima, dada. Hapo ndipo anaposhikwa akiinuliwa. Kwa wengi tunapaona. Nani humwinua?"

"Dada wa kazi," alijibu Mwajabu upesi.

Dada wa kazi alikuwa ameondoka tangu Idi.

Nesi alipotoka, Mwajabu aliweka mkono wake wa kulia juu ya pale panapouma. Vidole vyote vitano vikapata mahali pake.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Umepaonaje, mwanangu?"

"Pazuri, mama. Wana upole."

"Basi rudi zako nyumbani, usijisumbue. Mimi nitakaa hapa hapa na wewe. Kwani naumwa nini?"