Moto Uliosimama Wenyewe

"Vichuguu vitatu vya mchwa, ndivyo tulivyokubaliana!" Mhanga, mnyama mchimbaji alaye mchwa, alimfokea Nyani, mkuu wa zimamoto hifadhini.

"Punguza jazba, mzee wangu. Sisi tunamlipa aliyezima moto. Wewe umechimba mtaro tu, moto ukafika pale ukasimama wenyewe."

"Wenyewe?"

"Kabisa."

Mhanga, asiyejua kubembeleza mtu, akageuka. Ng'ambo ya mtaro makaa yalikuwa mekundu bado. Akaanza kuujaza mtaro nyasi kavu.

"We mzee, una wazimu? Tutaungua!"

"Tulia, mkuu. Si unasimama wenyewe?"

Upepo ukavuma, nyasi zikaanza kufuka moshi. Nyani akakwea mti mbio.

"Mzee wangu, baba yangu, nakuomba, ziondoe!"

Mhanga akakaa chini.

"Nilipe changu kwanza."