Kigong'ota wa Kiende

Kiende alisimama kimya chini ya mparachichi hadi kigong'ota alipogeuza kichwa chake chekundu, ndipo akampiga picha. Akamtumia mwanawe picha hiyo Nairobi, na chini yake akaandika kama kawaida: huyu ni ndege gani?

Jina alilijua vizuri. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyo, wakipalilia viazi hapa hapa Ruiri. Lakini salamu zake zilikuwa zikikaa siku nzima bila jibu. Ndege ndio waliojibiwa.

Mara simu ikalia.

“Mami, huyo ni kigong'ota. Si uliniuliza wiki iliyopita? Na wiki ile ingine pia.”

Vipande vya gome vilimdondokea Kiende kwenye kitambaa cha kichwa, na hakuvipangusa.

“Mami, siku hizi unasahau sana?” Sauti ya mwanawe ilikuwa imeshuka, ikawa na upole ambao hakuwa ameusikia tangu walipomzika baba yake. “Nikuje Jumamosi nikupeleke kwa daktari?”

Juu kwenye shina, ndege akaanza tena kugonga.

“Sawa, kuja,” akasema Kiende. “Umesema huyu ndege anaitwaje?”