Vidole Visivyokosea

Majibu ya kipimo cha Bitutu yalisema kirusi kimeingia kwenye mlango wa kizazi na kimeanza kuongezeka.

"Kinajuaje pa kuanzia?" Bitutu alimuuliza sista wa kliniki.

"Mama, ukichuna chai, unaangalia?"

"Niangalie ya nini? Miaka ishirini! Vidole vinapapasa vyenyewe, vikigusa majani mawili na kichipukizi, vinakata."

"Basi kirusi kina protini kama hivyo vidole. Inapapasa uzi wa DNA ya kirusi mpaka iguse herufi chache inazozijua. Inashika hapo hapo, uzi unafunguliwa, kirusi kinaanza kujinakili."

"Na huwa inakosea?"

"Wewe je?"

Bitutu aliangalia mapajani. Bila kuambiwa, vidole vyake vilikuwa vinachuna leso aliyojifunga, pale chini ya kitovu.